Wenzetu wa safari na mizigo wasiyoisema



Ndugu msomaji, likizo za shule zikikaribia, matangazo ya ziara huanza kusikika misikitini baada ya swala. Si misafara mikubwa ya mabasi matatu na vipaza sauti, bali ni vikundi vidogo vya watu sita, saba au kumi, wengi wao hawajuani, wanaochanga nauli na kuondoka pamoja kwa siku mbili tatu. Dada mmoja msomaji wetu ametuuliza iwapo ni busara kumruhusu mama yake mzazi, ambaye umri umemwendea, ajiunge na kikundi cha namna hiyo akifuatana na mwanawe wa kiume. Anachelea kwamba mama atakuwa miongoni mwa watu asiowajua, na wao hawamjui.

Swali hilo limetukumbusha jambo lililotupata sisi wenyewe, nalo tumelinyamazia kwa muda mrefu kwa sababu halitusifu. Tumeona leo tulisimulie, kwani jibu la swali la dada yetu limo ndani yake.

Waarabu wana msemo kwamba mtu atafute mwenzake kabla hajaitafuta njia. Na imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.), aliposikia mtu akimsifu mwenziwe kwa tabia njema, alimuuliza kama amewahi kusafiri naye. Wanazuoni wa lugha nao hulihusisha neno safari na maana ya kufunua, kwa kuwa safari humvua mtu sitara anayojifunika nayo mjini. Nyumbani tunaonana saa za raha, tukiwa tumeoga na kushiba. Njiani tunaonana tukiwa na njaa, usingizi na vumbi. Hata wahenga wetu wa pwani waliposema msafiri kafiri, hawakukusudia imani yake, bali walikusudia jinsi uhitaji unavyombadilisha mtu mwema.

Tulizoea kuyaelewa maneno hayo kwa upande mmoja tu, kwamba safari itatufunulia aibu za wengine. Hatukufikiri kwamba itatufunua sisi.

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda Kilwa, nasi tulikuwa saba. Alikuwapo kijana mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ndiye aliyeiandaa ziara. Alikuwapo shangazi mmoja mcheshi pamoja na mwanawe anayejifunza ufundi wa umeme. Walikuwapo mke na mume, yeye mke fundi cherehani na mume muuza vipuri vya magari. Alikuwapo mzee mmoja mstaafu wa shirika la reli. Wa saba tulikuwa sisi tunaoiandika safu hii. Zaidi ya shangazi na mwanawe, na hao mke na mume, hakuna aliyemjua mwenzake kabla ya siku ile.

Tulikutana alfajiri katika kituo cha mabasi Mbagala. Kwa kufuata mafundisho ya Mtume (S.A.W.), kwamba watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao kuwa kiongozi, tulimtaka mzee atuongoze kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Akakataa kwa neno moja tu, kisha akatazama dirishani. Tukamteua mwalimu. Tukaweka mfuko wa pamoja wa chakula na nauli za mashua, akaushika fundi cherehani, naye aliandika kila shilingi katika kijitabu.

Njia ya kusini ni njia nzuri kwa mazungumzo. Tulipita Kibiti na Ikwiriri, tukavuka mto Rufiji kwa daraja la Mkapa, lenye urefu unaokaribia kilomita 1 na lililofunguliwa mwaka 2003. Shangazi akatusimulia jinsi watu walivyokuwa wakilala kando ya mto wakisubiri kivuko kabla ya daraja hilo. Tulipofika Somanga tulinunua samaki wa kukaanga, tukawatandaza juu ya karatasi na kula kwa pamoja. Tulipofika Nangurukuru tulikuwa tunataniana kana kwamba tumekua mtaa mmoja.

Mzee peke yake hakuwa nasi. Alikataa kuachia kiti cha dirishani ingawa shangazi alikuwa anasikia kichefuchefu. Samaki hakugusa, akasema amekwisha kula. Kumbe kila baada ya muda aliingiza mkono katika mkoba wake mdogo mweusi, akatoa biskuti mbili, akazitafuna taratibu akiwa ametupa mgongo. Hakumkaribisha mtu. Mkoba ule hakuuweka juu pamoja na mizigo mingine, bali aliupakata kutoka Mbagala mpaka Kilwa Masoko. Usiku, katika nyumba ya wageni, muuza vipuri akasema kwa sauti ya chini kwamba wazee wengine huzeeka pamoja na choyo chao. Tukacheka. Ndiyo, msomaji, na sisi tulicheka.

Asubuhi ya pili ndiyo ilikuwa ya kuvuka kwenda Kisiwani. Nahodha alituhimiza tuwahi maji, na kiongozi wetu akaamua tuondoke bila kufungua kinywa, tutakula tukirudi. Hakuna aliyepinga. Ndani ya mashua alikuwamo mama wa kijijini na mtoto wake wa miaka mitatu hivi, ambaye alilia tangu tulipoondoka ufukweni. Tukamwona mzee anafungua mkoba wake, anatoa pakiti nzima ya biskuti na kumpa mtoto yule. Mtoto akanyamaza. Tuliliona hilo kwa macho yetu, wala hatukujiuliza lolote.

Kilwa Kisiwani inamstahiki kila mwenye uwezo wa kuizuru. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11, bado una nguzo na kuba zake zilizoongezwa katika karne zilizofuata, na ukisimama ndani yake utahisi utulivu ambao hatuna maneno ya kuueleza. Mahali hapo palitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Kutoka msikitini tulitembea kuelekea mashariki, penye magofu ya Husuni Kubwa, jumba linalonasibishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye birika la pembe nane juu ya jabali linaloitazama bahari. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali.

Njiani mzee alibaki nyuma. Tulipomrudia tulimkuta ameketi chini ya mbuyu, kanzu imemlowa jasho, uso umekunjamana. Mwalimu akamsihi ainuke kwa kuwa mahali penyewe hapako mbali. Mzee akamtazama kama asiyemjua, kisha akasema kwa ukali, "Niacheni! Mnanifuata nini?" Mwalimu aliumia sana, kwani alikuwa amejitahidi kumheshimu. Muuza vipuri akasema, "Mwacheni apoe hasira zake." Nasi tukamwacha. Tulikwenda kulitazama birika la pembe nane, tukapiga picha.

Tulikuwa tungali kule tuliposikia sauti ya mwanamke ikiita kutoka njiani. Alikuwa mama wa makamo, ambaye naye alikuja na kikundi kidogo cha watu wanne kutoka Songea. Rozari ilining'inia shingoni mwake. Baadaye tulijua kwamba ni mkunga mstaafu. Alikuwa amepiga magoti mchangani, amekishika kichwa cha mzee, na swali lake la kwanza kwetu lilikuwa, "Mzee huyu ni wa nani?"

Hakuna aliyejibu upesi. Tulitazamana. Shangazi ndiye aliyesema hatimaye, "Tumekuja naye."

Mkunga hakungoja zaidi. Alisema mikono inatetemeka, jasho ni la baridi, maneno hayashikani, basi huyu si mkali, sukari imemshuka. Akaufungua ule mkoba mweusi tuliousengenya. Ndani mlikuwa na kikopo chenye kichupa cha insulini kilichozungushiwa kitambaa chenye unyevu ili kisipate joto, sindano zake, na daftari dogo la vipimo. Mahali pa biskuti palikuwa patupu. Mzee alikuwa amejidunga sindano alfajiri, kama kawaida yake, akitarajia kifungua kinywa ambacho sisi tulikiahirisha. Na akiba yake ya mwisho alimpa mtoto wa watu ili anyamaze.

Mkunga alikuwa na glukosi katika mfuko wake. Akaikoroga kwenye kikombe cha maji, akamnywesha kidogo kidogo baada ya kuhakikisha kwamba anaweza kumeza. Mwana wa shangazi alikimbia kijijini kutafuta soda. Baada ya robo saa hivi macho ya mzee yakaanza kututambua. Alirudia kunywa mara ya pili. Kutoka nyumba ya jirani akaja bibi mmoja na sahani ya mihogo ya kuchemsha na chai, akaketi nasi chini mpaka mzee alipokula. Tulipotaka kumlipa akasema kwamba mgeni hauziwi chakula.

Hapo chini ya mbuyu mwalimu alimuuliza mzee, kwa upole na machozi, kwa nini hakutuambia. Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwamba kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa akipakia mizigo ya wasafiri wengine, na hakuwahi kusafiri kwa matembezi yake mwenyewe. Alipostaafu aliomba kufuatana na jamaa zake mara mbili, na mara zote mbili waliposikia habari za sindano walimwambia, wewe mgonjwa, pumzika nyumbani. Akatugeukia, akauliza, "Ningewaambia, mngenichukua?"

Ndugu msomaji, swali lile tunaliona mpaka leo kuwa zito kuliko yote tuliyowahi kuulizwa safarini. Kila mmoja wetu alitaka kusema ndiyo. Lakini mwalimu, kwa kuwa ni mkweli, alisema, "Wallahi, baba, sina hakika." Na sisi pia hatukuwa na hakika.

Tuliporudi mjini tulikwenda kukisoma tena kisa cha msafiri maarufu aliyefika Kilwa hiyo hiyo mwaka 1331, yaani Ibn Battuta. Wengi tunamjua kwa umbali wa safari zake, ambazo zilichukua karibu miaka 30 na kumfikisha Bara Hindi na China. Aliutaja ukarimu wa Sultani wa Kilwa, yule yule al-Hasan bin Sulaiman aliyeitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa kutoa, ambaye fakiri kutoka Yemen alimsimamisha akitoka swala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa, naye akampa. Lakini safari hii lililotushika ni mwanzo wa habari zake.

Aliondoka Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, peke yake, akikusudia kuhiji. Njiani aliungana na kikundi kidogo, kisha na wafanyabiashara waliokuwa wakirudi Tunis. Walipofika Bijaya alishikwa na homa. Mmoja wa wenzake alimshauri abaki mpaka apone. Kijana akakataa, akasema kama Mwenyezi Mungu amemkadiria kufa, basi na afie njiani akiwa ameelekea Hijaz. Tazama alivyojibiwa. Mwenzake hakubishana naye, wala hakumwacha. Alimwambia, ikiwa umeazimia, uza mnyama wako na mizigo mizito, nami nitakuazima kipando na hema, tusafiri pamoja tukiwa wepesi. Hivyo akaendelea, na homa ilipozidi alijifunga kwa kitambaa cha kilemba juu ya tandiko asianguke.

Walipoingia Tunis, watu wa mji walitoka kuwalaki jamaa zao. Kila mmoja alisalimiwa isipokuwa yeye, kwa kuwa hapakuwa na aliyemjua. Akalia. Ndipo mmoja wa mahujaji alipoyaona machozi yake, akamsogelea, akamsalimu na kumzungumzisha mpaka walipoingia mjini. Baada ya miaka mingi ya kukaa na masultani na makadhi, mambo hayo mawili bado alikuwa akiyakumbuka, mtu aliyemwazima kipando na mtu aliyemsalimu.

Wenzake Ibn Battuta waliujua ugonjwa wake, wakaupunguza mzigo wake ili waende naye. Sisi hatukuujua wa mzee wetu, na sababu ya kutoujua ni kwamba hatukumfanya ajione salama kutuambia. Kutokujua hakutupi udhuru. Pakiti ya biskuti tuliiona, tukaipa jina la choyo. Mkono uliotetemeka tuliuona, tukauita hasira. Dhana ilitutangulia katika kila hatua, nasi tunasoma kila siku kwamba dhana nyingine ni dhambi.

Kutokana na safari ile tumejiwekea taratibu ambazo tunapenda kuzigawa kwa familia zinazopanga ziara.

Kwanza, kabla ya kuondoka, kiongozi azungumze na kila mtu faraghani, si mbele ya wote, amuulize anatumia dawa gani, anakula saa ngapi, na nani apigiwe simu likitokea jambo. Na aanze kwa kusema kwamba majibu hayatamzuia mtu kwenda. Neno hili la mwisho ndilo linalofungua vinywa.

Pili, saa za kula zisichezewe. Kwa mwenye kujidunga insulini, kuchelewesha chakula baada ya sindano ni hatari. Mtu mmoja zaidi katika kikundi, mbali na mgonjwa mwenyewe, abebe sukari, glukosi au soda.

Tatu, kila mmoja ajue dalili, yaani kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa, ukali usio na sababu. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe kinywaji cha sukari, asubiriwe robo saa, apewe tena kama hajapata nafuu, kisha ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu asitiwe kitu chochote kinywani. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Nne, kikundi kisimwache mtu nyuma peke yake, hata akikifukuza. Mmoja akae naye kwa mbali. Hakuna gofu wala birika linalostahiki kuwahiwa kwa thamani hiyo.

Tano, urafiki usiishie kituo cha mabasi. Watu huandikiana namba za simu kwa bashasha, na baada ya wiki mbili hawajuliani hali. Hapa tunapaswa kueleza yaliyofuata.

Mkunga wa Songea alichukua namba ya mzee siku ile ile. Kila mwanzo wa mwezi alimpigia na kumtaka amsomee vipimo kutoka katika daftari. Akimkuta amezembea humkemea kama mtoto, naye mzee, aliyemfokea mwalimu, humjibu, "Nimekosa, mama." Fundi cherehani alimshonea mzee mkoba mpya wenye mfuko wa ndani wa kuhifadhi dawa. Muuza vipuri, ambaye ndiye aliyelitamka neno la choyo, alikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Mzee alimjibu kwamba hakuwa amesikia. Tunaamini alisikia.

Mwaka uliofuata mkunga alifiwa na mumewe. Habari zilimfikia kwanza mzee, naye akatupigia sote. Kutoka Dar es Salaam mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 900, safari ya kuondoka gizani na kufika gizani. Tulikwenda watano. Mzee alikuwa wa kwanza kufika kituoni, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa kiongozi. Kabla basi halijaondoka alisimama katikati ya viti, akaufungua mkoba wake mbele yetu, akatuonyesha kila kilichomo na mahali kilipo. Kisha tukamwonyesha mifuko yetu. Kila mmoja wetu alikuwa na glukosi.

Tulipoingia katika ua wa msiba, wenyeji waliwaona watu watano wenye kofia na mitandio ambao hawakuwatambua, na mmoja wao akamwuliza mfiwa ni wageni wa nani. Mkunga aliinuka kwenye jamvi, akamshika mzee mkono, akasema, "Hawa ni wangu."

Basi, dada uliyetuuliza, mwache mama aende, na kaka yako amfuate. Lakini usimfungie nguo na vyakula tu. Mwombe akuruhusu umweleze kiongozi wa msafara hali yake ya afya, na umuulize kiongozi huyo atafanya nini mama akichoka. Akikujibu kwa subira na kuuliza zaidi, mama yuko katika mikono mizuri. Akikujibu kwamba wagonjwa ni usumbufu, tafuta kikundi kingine. Nanyi mnaojiandaa kusafiri likizo hii, mtazameni leo yule mwenzenu aliyekaa dirishani bila kusema neno. Nendeni mkamsalimu.

Mwenyezi Mungu awajaalie safari za salama, za kwenda na za kurudi. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.